Nyamizi na Nyumba ya Chumvi ya Mfalme Mbogo

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ndiyo sauti yenu, au mmeacha nyingine shambani? Paukwa, jamani!

Pakawa!

Chungu?

Cha chumvi!

Kuni?

Mbichi!

Nani anapuliza?

Sisi sote!

Haya, pulizeni basi, na msogee. Bibi yenu leo mgongo haumsikii, sauti nayo imebaki nusu. Nikisema polepole msiniambie niongeze. Leteni masikio karibu.

Hapo zamani za kale, wakati wanyama na watu wakikutana njiani walisalimiana na kuulizana habari za nyumbani, palikuwa na nchi ikiitwa Ilwamba. Ilikuwa nchi nzuri. Mtama ulikubali, maharage yalikubali, maziwa yalikuwapo. Kitu kilichokosekana ni chumvi.

Chumvi ya Ilwamba ilitoka mbali, mikononi mwa Nyani wachuuzi. Nyani walikuja walipotaka, wakaondoka walipotaka, na bei waliitaja huku wanatazama pembeni. Ukiwauliza mbona imepanda, walikujibu, "Basi usinunue." Watu wakapikia majivu ya migomba. Ng'ombe wakalamba kuta za nyumba mpaka udongo ukabanduka. Ndama walizaliwa wamelegea kama nguo iliyoloa.

Sasa, pembeni ya mto mkubwa wa Ilwamba palikuwa na kinamasi, na katikati ya kinamasi ilikuwamo chemchemi ya maji ya chumvi. Kila mtu aliijua. Sungura alijaribu kuifikia, matope yakamshinda. Pala, yule swala, alijaribu, akanasa mpaka magotini, wakamvuta kwa kamba. Mkulima mmoja na wanawe walijaribu, mto ukafurika, ukawachukulia na majembe. Ilitakiwa tuta refu la udongo la kuuzuia mto, na tuta kama hilo hakuna mtu wa kulijenga peke yake.

Mfalme wa Ilwamba alikuwa Mbogo. Wakati huo alikuwa kijana bado, pembe zake hazijakutana vizuri katikati ya paji. Akapiga ngoma, akaita nchi nzima. Akamweka mbele Kiboko, maana Kiboko matope kwake ni kitanda. Kiboko akaingia kinamasini mpaka puani, akasukuma udongo kwa kifua chake. Watu wakabeba, wanyama wakabeba, tuta likainuka. Wakaizungushia chemchemi ukuta wa mawe, wakajenga mafiga, wakaezeka paa. Mahali pale pakaitwa Nyumba ya Chumvi ya Mfalme, na Kiboko akafanywa msimamizi wake.

Siku chumvi ya kwanza ilipokauka, kila aliyefika alipewa. Palikuwa na bibi mmoja aliyetia punje ulimini, akasimama palepale akilia, foleni nzima ikamngoja amalize. Nyani waliporudi na mizigo yao na kutaja bei yao, watu waliwacheka. Nyani wakashusha mizigo, wakashusha na bei.

Nawaambia haya mapema msije mkasema bibi ana chuki na Nyumba ya Chumvi. Ilifaa. Wakati ule ilifaa sana.

Miongoni mwa wapishi wa chumvi alikuwamo mwanamke mmoja, jina lake Nyamizi. Alikaa mbali, kwenye mabonde ya Mwalo, pamoja na mama yake aliyekuwa mzee wa miguu mibovu. Kila alipotoka kazini Nyamizi alipita kwa majirani, na kwenye kila mlango aliulizwa, "Hujatuletea hata kidogo?" Maana watu wa Mwalo ili wapate chumvi ilibidi waache shamba, waache mgonjwa, waache mtoto, watembee hadi kinamasini, wapange foleni, watoe mtama ndipo wapewe.

Nyamizi akamwendea Kiboko. Akamwambia, "Bwana Kiboko, tuwapelekee chumvi walio mbali."

Kiboko akamjibu, "Nyumba ya Mfalme haitembei."

Baadaye akamwendea tena. "Bwana Kiboko, kuna wazee hawawezi kuja."

"Nyumba ya Mfalme haitembei."

Akamwendea tena. "Bwana Kiboko, kuna wazazi wametoka kujifungua."

"Binti, mbona husikii? Nyumba ya Mfalme haitembei!"

"Basi niruhusu nitembee mimi," akasema Nyamizi.

Kiboko alicheka mpaka maji yakamtoka puani. Akasema, "Kuna maji yanavuja chini ya tuta. Yanapotea bure. Yachote, upike chumvi yako, utembee mpaka uchoke. Chungu chako kimoja kitanipunguzia nini?"

Nyamizi akashukuru, akatoka. Akafinyanga chungu, akakichoma, akakiweka kwenye mafiga yake chini ya tuta. Chumvi ilipokauka, akaifunga katika majani ya mgomba, vifurushi vidogo vidogo. Shida ikawa kubeba.

Njiani kuelekea Mwalo alikuwapo Punda mmoja, amekaa chini kando ya njia, anatafuna majani makavu bila haraka. Alikuwa mchukuzi wa Nyani. Walimwacha hapo kwa sababu ya mwendo wake wa polepole.

"Ndugu yangu Punda," Nyamizi akamwambia, "unaweza kunibebea mzigo?"

"Naweza," akasema Punda. "Kukimbia ndiko nisikoweza."

"Hata mimi siwezi. Twende."

Wakaenda. Na walipofika Mwalo, Nyamizi akapaza sauti. Hapa mniitikie, msiniache peke yangu:

*Chumvi ya mlangoni!*

*Mwenye mgonjwa asitoke,*

*mwenye mtoto asitoke,*

*toa bakuli dirishani!*

Milango ikafunguka. Mabakuli yakatoka. Huyu akatoa mtama, huyu maharage, huyu mayai. Jioni Punda alirudi na mzigo uleule kwa uzito, ila sasa ulikuwa wa chakula. Mama yake Nyamizi akapikiwa uji, ukatiwa chumvi, akanywa, akasema, "Sasa huu ni uji."

Mambo yakaenda. Wengine wakaona, wakashuka nao chini ya tuta. Nungunungu akaja na vyungu vyake, akawa anachanganya chumvi na pilipili. Mke wa mhunzi akaja, yeye akawa anaikandamiza kwenye vifuu, inatoka mabonge mazuri ya duara. Wakawa wanagombana mchana kutwa. "Yule alikuwa mteja wangu!" "Alikuwa wako jana!" Lakini moto wa mmoja ukizimika, mwenzake alimpa kaa. Hata Kiboko huko juu, alipoona foleni yake inapungua, aliwakemea wapishi wake wachuje mchanga, na chumvi ya Mfalme ikawa nyeupe kuliko mwanzo. Ng'ombe wakanawiri. Ulikuwa wakati mzuri, nao haukukaa.

Nyumba ya Mfalme ilikuwa imejaa. Si vyungu vilivyojaa, ni watu. Mpwa wa Mfalme alikuja kuangalia vyungu. Shemeji wa Mfalme akaja kumwangalia anayeangalia. Binamu wa shemeji akaja, huyo mpaka leo haijulikani alikuja kufanya nini, ila wakati wa kula alikuwapo. Wote walitakiwa washibe kwa chumvi ileile, na ikulu nayo ilitakiwa ipelekewe kikapu chake cha mtama.

Mfalme Mbogo akainua kikapu, akakiona chepesi. Akamwita Kiboko.

"Mbona hivi?"

Kiboko akaogopa. Angesema mpwa? Angesema shemeji? Akasema, "Mtukufu, ni wale wa chini ya tuta."

"Shughulikia," akasema Mfalme, akageukia mambo mengine. Hakuuliza watu wale ni nani. Hakuuliza litashughulikiwa vipi. Alisema neno hilo moja.

Kiboko akashughulikia.

Kwanza, akatangaza kwamba chumvi ya Mfalme ni bure. Kila afikaye achukue. Na wale wapishi wake wote, na mpwa, na shemeji, na binamu, wakawa wanalishwa kutoka ghala la Mfalme. Ghala hilo, wajukuu zangu, lilijazwa na kodi ya nchi nzima, na mtama wa Nyamizi ulikuwamo.

Nyamizi akafika Mwalo, akaita, *Chumvi ya mlangoni!* Milango haikufunguka. Mwanamke mmoja alichungulia, akasema kwa aibu, "Nisamehe, dada. Watoto ni wengi, na ile ni ya bure. Nimemtuma mume wangu kinamasini."

"Sikulaumu," akasema Nyamizi.

Njiani akamwambia Punda, "Mtama wangu mwenyewe ndio unaonipiga."

Punda akasema, "Twende mbele zaidi." Wakaenda nyuma ya Mwalo, nyuma ya vilima, mahali ambapo hata cha bure kilikuwa mbali mno. Huko wakauza kidogo. Lakini mke wa mhunzi alivunja vyungu vyake, akarudi kumpulizia mumewe mivukuto.

Kiboko alipoona moshi bado unatoka chini ya tuta, akashughulikia tena. Akatangaza kwamba kuni zote za msituni ni za Nyumba ya Mfalme. Atakayeokota hata kijiti atakamatwa.

Siku hiyo Nungunungu alikuja kumuaga Nyamizi. Alimmiminia mkononi pilipili iliyobaki. "Mimi nimechoka," akasema. "Narudi kuchimba mizizi. Mizizi hakuna aliyeitangaza bado."

"Subiri kidogo, tutatafuta njia."

"Wewe utaitafuta, Nyamizi. Mimi miiba yangu yote imelala."

Nyamizi akabaki peke yake. Akatafuta mwamba ulio bapa, akamwaga juu yake maji ya chumvi, akaliachia jua. Kazi ya moto wa asubuhi moja ikawa kazi ya jua siku nyingi, na mvua ikipita, yote yanakwenda. Aliketi pale akiwafukuza ndege kwa kitambaa, ngozi ya uso inambabuka. Lakini chumvi ilipatikana. Kidogo, ila ilipatikana.

Kiboko akashughulikia tena. Safari hii akatangaza kwamba maji yote ya chumvi, yaliyomo ndani ya ukuta na yanayovuja nje, ni ya Mfalme. Anayeyataka aombe ruhusa kwa msimamizi wa chumvi. Na msimamizi wa chumvi alikuwa nani? Semeni nyinyi.

Kiboko!

Kiboko huyohuyo. Nyamizi akaenda, akamkuta amelala nusu majini, nusu nchi kavu.

"Bwana Kiboko, nimekuja kuomba ruhusa ya maji."

"Njoo kesho."

Akaja kesho. "Bwana Kiboko, nimekuja."

"Njoo kesho."

Akaja tena. Safari hii hakuomba. Akauliza, "Bwana Kiboko, wewe unapika chumvi na mimi napika chumvi. Ninapokuja kwako, naongea na mwamuzi au naongea na mpishi mwenzangu?"

Kiboko alifumbua jicho moja. Msidhani alikuwa na furaha. Alionekana amechoka kama yeye. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, mimi nina midomo ya kulisha humu ndani usiyoijua. Nikikupa maji, kikapu kitakuwa chepesi. Kikapu kikiwa chepesi, nitaitwa. Njoo kesho."

Nyamizi akaenda mpaka lango la ikulu. Mlinzi akamwambia, "Mambo ya chumvi yako kwa Kiboko." Akarudi nyumbani.

Asubuhi Punda alimkuta ameketi nje, kamba za mizigo amezikunja magotini.

"Leo tunaelekea wapi?" akauliza Punda.

"Hatuelekei popote, ndugu yangu. Tumemaliza."

Punda akazinusa zile kamba. Kisha akasema, "Nyumba ya Mfalme wanatafuta wachukuzi wa maji."

"Nenda. Huko kuna majani."

"Na wewe?"

"Mimi nina jembe."

Punda akaenda. Alitembea polepole kama kawaida yake, na Nyamizi hakumwangalia mpaka mwisho. Aliinuka, akachukua jembe.

Ongezeni kuni kidogo. Hapo, asante.

Chini ya tuta hapakuwa na moshi tena. Kiboko akafuta ile ya bure, akaweka bei. Kisha akaipandisha. Kisha akaipandisha tena. Watu wakanung'unika, wakanunua. Wapishi wake waliacha kuchuja, kwa nini wachuje? Chumvi ikawa nyeusi, ina mchanga, inakwaruza meno. Foleni ikawa ndefu kuliko zamani, na anayefika mbele anaambiwa imekwisha, arudi. Binamu wa shemeji akaleta na binamu yake. Hakuna aliyetengeneza tuta. Panya buku walitoboa mashimo humo, nyasi zikaota juu yake, mbuzi wakalipanda na kulibomoa. Kiboko aliona, akasema, "Tutalitengeneza." Lakini mikono ilikuwa kwenye sahani.

Ikaja masika kubwa. Mto ukapanda. Tuta likapasuka kwa mshindo uliosikika mpaka Mwalo, na mto ukaingia ndani ya Nyumba ya Chumvi, ukabeba paa, ukabeba vyungu, ukaifunika chemchemi kwa matope. Hakufa mtu. Lakini chumvi ya Ilwamba ilikwisha siku hiyo, na hapakuwa na mtu mwingine mwenye chungu.

Nyani wakarudi. Waliitaja bei huku wanatazama pembeni.

Ndama wakaanza kuzaliwa wamelegea. Mama yake Nyamizi alifariki msimu huo. Hakuuawa na kukosa chumvi, aliuawa na uzee. Lakini siku zake za mwisho aliomba uji wenye chumvi kidogo, kidogo tu, na binti yake aliyewahi kuipeleka mlangoni kwa nchi nzima hakuwa nayo. Akampa uji mtupu. Mama akaonja, akamshika mkono, akasema, "Mzuri." Nyamizi alijua kwamba si mzuri.

Matanga yalipoisha, akarudi shambani. Alikuwa anapalilia alipoona kivuli kikubwa juu ya mtama. Alikuwa Mfalme Mbogo, amekuja kwa miguu, bila ngoma, bila mlinzi. Kwato zake zilikuwa zimejaa tope.

"Nyamizi, pole na msiba."

"Nimeshapoa, Mtukufu. Karibu. Sina kiti."

"Nitasimama." Akasimama. Akatazama huku na huku. "Nimeambiwa wewe ulikuwa unapika chumvi. Rudi ukapike."

"Kwa vyungu gani? Na nani? Nungunungu anachimba mizizi. Mke wa mhunzi amezoea mivukuto. Mimi mikono yangu sasa inajua jembe."

"Mbona hukuja kwangu mambo yale yalipotokea?"

"Nilikuja. Langoni kwako niliambiwa mambo ya chumvi yako kwa Kiboko."

Mfalme akainamisha pembe. Kisha akasema, "Kosa ni langu. Nilisema neno moja tu, nikadhani nimefanya kazi. Basi nitaivunjilia mbali Nyumba ya Chumvi. Nimfukuze Kiboko. Kila mtu ajitafutie."

Nyamizi akachoka hata kuliko alivyokuwa. Akaegemea jembe.

"Mtukufu, Sungura alijitafutia. Pala alijitafutia. Matope yaliwashinda. Tuta lile hakuna anayeliweza peke yake, hata mimi siliwezi. Tupigie ngoma tulijenge tena. Linda chemchemi. Kiboko akitaka kupika, apike. Lakini anayepika asiwe ndiye anayegawa maji. Na akishindwa, ghala letu lisimlishe ili atushinde sisi."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Nalo ni gumu kuliko kumfukuza Kiboko, utaona."

Mfalme akaondoka. Baada ya muda ngoma ikalia. Watu walikuja, ila si kama zamani. Zamani walikuja wakiimba. Safari hii walikuja kimya, na baadhi hawakuja kabisa. Nungunungu hakuja.

Kazi ikaendelea mpaka likabaki pengo moja katikati, ambapo mto ulipita kwa nguvu. Kila udongo uliomwagwa ulikwenda na maji. Walimwaga, ukaenda. Walimwaga, ukaenda. Walimwaga, ukaenda. Wakaanza kukaa chini, mmoja mmoja.

Ndipo Kiboko akaja. Alikuwa amejificha mtoni tangu siku ya mafuriko, kwa aibu. Hakumsalimia mtu. Aliingia kwenye pengo, akajilaza kwa ubavu, akauzuia mto kwa mwili wake. Maji yakampiga, magogo yakampiga, akakoroma tu.

"Jazeni!" akasema. "Mbona mnaniangalia? Jazeni!"

Wakajaza. Nyamizi alikuwa miongoni mwao, akipokea makarai, na aliyemletea udongo alikuwa Punda. Alikuwa amekonda, mgongo wake una kidonda kikubwa cha viriba vya maji ya Mfalme.

"Hujambo, mama," akasema Punda.

"Sijambo, ndugu yangu. Shusha hapa. Usichukue mwingine."

Tuta likafunga. Kiboko alipotoka pale ubavu wake ulikuwa umechunika wote, na hakuna aliyempigia makofi, ila Nyamizi alimpelekea maji masafi ya kujimwagia.

Mfalme Mbogo akamweka Kinyonga awe mgawa maji, kwa sababu Kinyonga halambi chumvi wala hana ndugu anayeipika. Msifikiri mambo yote yakawa sawa. Kinyonga alikuwa mwaminifu, lakini alikuwa Kinyonga. Ukimwomba maji asubuhi, ananyanyua mguu, anafikiri, anaurudisha. Watu walimtukana. Mpwa na shemeji walikwenda kila wiki ikulu kulia, na kuna siku Mfalme alikaribia kuwakubalia. Binamu yeye alirudi kwao kulima, nasikia alikuwa mkulima mzuri.

Ndama waliozaliwa mwaka huo wengi walikuwa wamelegea bado.

Nyamizi hakutaka kurudi. Alikaa, akakaa. Siku moja akafinyanga chungu. Kilitoka kimepinda kidogo upande mmoja. Akakichoma hivyohivyo, akashuka nacho chini ya tuta, Punda akimfuata nyuma bila mzigo. Akamngoja Kinyonga afikiri. Akapata maji. Akapanga mafiga, akawasha moto wa kuni alizonunua bila kujificha, maana tangazo la kuni lilikuwa limefutwa, akachemsha.

Juu yake, kwenye Nyumba ya Mfalme, Kiboko naye alikuwa amewasha. Wapishi wengi walikwisha ondoka, kwa kuwa ghala halikuwalisha tena. Akawa anachochea mwenyewe.

Chumvi ya Nyamizi ilipokauka, Kiboko alishuka. Watu waliokuwa karibu waliacha walichokuwa wakifanya. Nyamizi alimwona anakuja, kile kidonda cha ubavuni kimeshaanza kufanya kovu, na moyo wake ukawa mzito. Alijiuliza kama anazo nguvu za kusimama tena.

Kiboko akasimama mbele ya chungu. Akachota punje, akaionja. Akatafuna taratibu.

"Yangu ni bora," akasema.

Nyamizi akamtazama. "Basi kauze."

Kiboko akapangusa mdomo. Akageuka, akapanda zake juu, na baada ya muda watu walimwona amepiga magoti mbele ya mafiga yake, mashavu yamejaa, anapuliza moto.

Nyamizi akaketi chini. Hakupanga kulala, jua lilikuwa bado liko juu kabisa. Aliweka kichwa magotini apumzishe shingo tu, Punda akasogea akampa kivuli, naye usingizi ukamchukua.

Wanunuzi walipofika na mabakuli yao walimkuta hivyo, chumvi iko wazi, mwenyewe yuko mbali usingizini. Wangeweza kwenda kwa Kiboko. Moto wake ulionekana pale pale juu. Wengine walikwenda, wakapata, wakarudi makwao. Wengine waliweka mabakuli yao chini taratibu yasigongane, wakakaa, wakamngoja aamke.

Nami hadithi yangu naiachia hapo, miongoni mwa wanaongoja. Mwenye nguvu aipeleke mbele. Mimi nifunikieni moto, nikalale.